Naomba bei: kumlipa mtu apeleke karatasi za mahakama hapa California ni shilingi ngapi?

#1 NyotaYaBay (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajamvi, hasa mlioko California. Nina jambo naomba mnielekeze, na tafadhali tusiugeuze uzi kuwa mahubiri ya ndoa. Hilo nimeshalimaliza na wazee wa pande zote mbili.

Nimefungua shauri la talaka mahakama ya kaunti ya Alameda. Nimelipa ada dola 435. Karani kagonga mihuri, kanirudishia nakala, akaniambia sasa ni juu yangu kuhakikisha mwenzangu anazipata kisheria. Nikamuuliza, ninyi hamzipeleki? Akacheka kidogo, akanionyesha mlango wa chumba cha msaada.

Mume yuko Stockton. Nyumba naijua kwa kuelekezwa na watu tu, ni apatimenti zenye geti. Kazi anafanya kwenye maghala ya Tracy, zamu ya usiku. Nimepiga simu ofisi moja inayopeleka nyaraka, wakanitajia dola 185 "kwa kuanzia". Hilo neno la kwa kuanzia ndilo limenitoa jasho.

Nauliza: bei ya haki ni ipi? Naweza kuzipeleka mwenyewe? Mdogo wangu wa kiume yuko Stockton, anaweza? Na hivi kweli nchi tajiri kama hii mahakama haina tarishi?

---

#2 Kijiwe_Fresno

Mwenyewe usiende kabisa. Nafuatilia uzi.

---

#3 MsambazaMstaafu

Dada Nyota pole sana. Hii kazi nimeifanya Los Angeles miaka ya nyuma, nikiwa nimesajiliwa kaunti, kabla sijahamia kwenye malori. Nitakueleza kama ninavyoijua.

Tuanze na sheria, maana bei inatoka huko. Hapa California karatasi za kufungulia shauri anaweza kuzipeleka mtu yeyote mwenye miaka 18 na kuendelea ambaye si sehemu ya kesi. Basi. Hahitaji kuwa wakili wala askari. Wewe huwezi, kwa sababu wewe ndiye mwombaji. Jirani yako anaweza, mtu wa msikitini au kanisani anaweza, na bei yake ni chakula cha mchana na mafuta ya gari. Anayelazimika kusajiliwa na kaunti na kuweka dhamana ya dola 2,000 ni yule anayepeleka nyaraka zaidi ya 10 kwa mwaka kwa malipo. Huyo ndiye unayemlipa kama fundi.

Bei za mafundi: kazi ya kawaida, mtu mmoja, anwani moja, nilizoea kuona kati ya dola 75 na 125. Humo mara nyingi kuna kwenda kugonga mara tatu, kwa siku na saa tofauti. Ukitaka leo hii hii, inapanda mpaka karibu maradufu. Anwani ya pili inahesabiwa kama kazi mpya. Kukaa kwenye gari nje ya nyumba kumsubiri mtu atoke kunalipwa kwa saa. Na kama hujui anakaa wapi, kumtafuta ni bili nyingine kabisa.

Kwa hiyo hiyo 185 si lazima iwe wizi. Huenda wamekuhesabia nyumbani NA kazini. Wapigie tena uwaulize hivi: ni safari ngapi ndani ya bei hiyo, wanakwenda saa ngapi (mtu wa zamu ya usiku ukimgongea saa nne asubuhi kalala, ukimgongea saa tatu usiku hayupo), asipopatikana unabaki na nini mkononi, na fomu ya uthibitisho iko ndani ya bei au wanaiuza pembeni. Wakisitasita kwenye hilo la mwisho, kata simu.

Halafu kuna sherifu. Dola 50 sasa hivi. Ilikuwa 40 kabla ya 2024. Ila sherifu wa Alameda hatakusaidia, unatakiwa umwombe sherifu wa kaunti aliko mume, yaani San Joaquin. Stockton na Tracy zote ziko humo, una bahati. Unajaza fomu SER-001. Ubaya wao wanakwenda kwa ratiba yao, saa za kazi, na hawatakaa nje ya geti kumvizia mtu wako.

---

#4 Mjomba_Daladala

Yaani mtu anapeleka bahasha mtaa wa pili anachukua dola 100? Si nimwite kijana wa DoorDash, aagizwe baga na karatasi humo humo 😂

---

#5 MsambazaMstaafu

@Mjomba_Daladala cheka tu. Kubeba bahasha ni kazi ya mtu yeyote. Unayemlipa unamlipia saini.

Kwa talaka fomu inaitwa FL-115. Ukiikamata mkononi utaona: kwanza orodha ya karatasi zilizopelekwa, kila moja na kisanduku chake. Pale ndipo wengi wanapoharibu, maana pamoja na ombi lenyewe FL-100 na wito FL-110 lazima kuwe na FL-120 TUPU, ya mwenzako kujibia. Kama kuna watoto chini ya miaka 18, na FL-105, fomu ya taarifa za watoto. Ukisahau hiyo fomu tupu ya majibu, umepeleka pungufu. Chini yake tarehe, saa, anwani. Halafu jina la aliyepeleka, anwani yake, simu, ada aliyolipwa, na kama amesajiliwa au hakusajiliwa. Mwisho anaapa chini ya adhabu ya uongo.

Sasa siku mume atakapokwenda kumwambia jaji "mimi sijawahi kuona karatasi yoyote", atakayeitwa kusimama ni huyo aliyesaini. Kijana wa baga utampatia wapi? Mimi nilikuwa naandika kila safari: saa, taa zilikuwa zinawaka au la, gari gani limeegeshwa, nani alijibu na alifananaje. Kuna mteja alikuja kwetu na hukumu yake imefutwa. Mtu wa kwanza aliyemlipa, kwa bei ya chini kuliko wote, alikuwa ameandika kwamba alimkabidhi "mwanamume mrefu mweupe". Mdaiwa alikuwa Mkorea wa futi tano na kidogo. Kesi ikarudi mwanzo, na ada zote upya.

---

#6 Shangazi_Sacto

Binti yangu Nyota, kabla hujatoa hata senti, nikuulize: unapokea Medi-Cal (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) au CalFresh (msaada wa chakula)? Au kipato ni cha kuungaunga? Jaza FW-001, ombi la kusamehewa ada. Jaji akikubali, anatoa amri, na kwa amri hiyo sherifu anapeleka karatasi BURE. Hiyo 435 uliyolipa ungeweza kuisamehewa vilevile. Hiyo tumeshakosa, tuangalie ya mbele.

Na kama ingekuwa ni amri ya kumzuia mtu mkorofi wa nyumbani asikusogelee, sherifu hakutozi chochote hata kama una hela. Nasema kwa faida ya dada wengine wanaosoma kimyakimya. Najua mpo.

Kila mahakama ya kaunti ina kituo cha kujisaidia, ule mlango karani aliokuonyesha. Wale hawalipishi. Nenda asubuhi mapema na karatasi zako zote.

---

#7 Mwanasheria_Uchwara

Hamjamuuliza swali la kwanza: huyo bwana ANAKATAA, au hajapelekewa tu?

Kama mnaongea vizuri, kuna njia ya posta. Mtu mwingine mzima, siyo wewe, anamtumia karatasi zote kwa barua ya kawaida pamoja na nakala mbili za FL-117 na bahasha ya kurudishia iliyobandikwa stempu. Mume anasaini kwamba amepokea, anarudisha. Siku aliyosaini ndiyo siku aliyofikishiwa. Gharama yote ni stempu. Asiposaini ndani ya siku 20 njia hiyo imekufa, unarudi kwa sherifu au kwa akina Msambaza, lakini unaweza kumwomba jaji amlipishe gharama hiyo ya pili. Mwambie hilo mapema, watu huwa wanasaini wakisikia kuna bili.

Kusaini huko si kukubali talaka wala kukubali unachodai. Ni kukiri umepata karatasi tu. Wanaume wengi wa kwetu wanakataa wakidhani wakishika kalamu ndoa imevunjika hapo hapo.

---

#8 NyotaYaBay

Asanteni sana, nimejifunza mengi kwa usiku mmoja. @Mwanasheria_Uchwara tulikuwa tunaongea vizuri mpaka neno mahakama lilipotajwa. Sasa hivi simu inaita mpaka inakata. Nitaijaribu hiyo FL-117 lakini sina imani nayo.

Na vipi kuhusu mdogo wangu? Yeye yuko tayari hata leo.

---

#9 Shangazi_Sacto

Mdogo wako yuko tayari kwa sababu ana hasira. Muache alale.

---

#10 MsambazaMstaafu

Shangazi kamaliza. Kisheria mdogo wako hajazuiliwa, ana miaka 18 na si sehemu ya kesi. Lakini fikiria picha: shemeji mtu anakwenda kumgongea shemeji yake na karatasi za talaka. Yakitokea maneno, na yatatokea, mtakuwa na kesi mbili. Na jaji akisoma FL-115 iliyosainiwa na ndugu yako wa damu, halafu mume anasema "uongo, huyu hakuja", neno la nani lina uzito? Mtafute mtu asiyemjua mume wala wewe sana.

Jambo jingine ambalo watu wanaliogopa bure. Mume akikataa kupokea kwa mkono, haimuokoi. Aliyetumwa akishamtambua, amwambie ni karatasi za mahakama, akizirudisha aziweke chini karibu naye aondoke. Amefikishiwa. Haya mambo ya kuweka mikono mfukoni nimeyaona sana, na wengine wanakimbia mpaka viatu vinabaki.

Kuhusu geti: California mlinzi wa apatimenti za geti lazima amruhusu aliyesajiliwa au sherifu aingie kwa muda unaotosha, akishaonyesha kitambulisho na kutaja anakwenda kwa nani. Jirani yako hana haki hiyo. Hapo ndipo nasema wewe Nyota, kwa geti lako na zamu zako za usiku, fundi anakufaa kuliko rafiki.

Na hili niliseme, maana tunaishi nyakati zake. Siku hizi watu wetu hawafungui mlango kwa mtu wasiyemjua, na sababu tunaijua sote. Mpeleka nyaraka ni raia wa kawaida. Hana bunduki, hana mamlaka ya kuingia ndani, haruhusiwi kujifanya polisi wala mtu wa uhamiaji. Mzuri atajitambulisha kwa sauti nje ya mlango. Asipofunguliwa ataondoka na atarudi. Hata mkikaa kimya ndani, kesi itaendelea.

---

#11 Otis_wa_Nakuru

Niaje wadau. Huku Kenya tulishaendelea, tangu 2020 kanuni zinaruhusu samansi ipelekwe kwa baruapepe ama WhatsApp kwa nambari ambayo huyo mtu anatumia. Tiki mbili za bluu, unaapa kiapo, unafungia affidavit na screenshot, imeisha. Nyota si umtumie tu kwa WhatsApp?

---

#12 Mwanasheria_Uchwara

@Otis_wa_Nakuru karatasi za KUFUNGULIA kesi hapa hazipelekwi kwa WhatsApp ukapeta. Labda jaji atoe amri maalumu baada ya kumwonyesha umetafuta kila mahali. Nyota asithubutu, atapoteza miezi.

Na kwenye talaka miezi ni pesa. California ndoa haiwezi kuvunjika rasmi kabla ya miezi 6, na miezi hiyo haihesabiwi tangu siku ulipofungua shauri. Inahesabiwa tangu siku mwenzako alipofikishiwa karatasi au alipojitokeza mahakamani mwenyewe. Mtu anahangaika kuokoa dola 60, anakaa wiki nane akimsubiri binamu apate nafasi. Saa haijaanza hata kugonga.

---

#13 Bwana_Harusi_Mstaafu

Wakuu samahani kuingilia. Mimi niko San Diego, mke alirudi nyumbani, yuko Morogoro na hana mpango wa kurudi. Wakili mmoja hapa ameniambia kumfikishia karatasi Tanzania ni zaidi ya dola elfu mbili. Hii ni kweli au ananiona mshamba?

---

#14 Mwanasheria_Uchwara

@Bwana_Harusi_Mstaafu hakudanganyi, ila kakupa njia ya bei kali.

Nchi nyingi zina mkataba wa Hague wa kupelekeana nyaraka za mahakama. Malawi wamo. Tanzania na Kenya hazimo. Nchi isipokuwamo, njia ya kiserikali ni barua ya maombi kutoka mahakama ya hapa kwenda mahakama ya kule, inayopita Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani na ubalozi. Ada ya wizara peke yake ni dola 2,275, na wao wenyewe wanakuambia inaweza kuchukua mwaka au zaidi. Ndiyo hesabu ya wakili wako.

Lakini sheria ya California haikulazimishi upite huko. Mtu mzima asiye sehemu ya kesi anaweza kumkabidhi mkeo mkononi hapo hapo Morogoro kama angekabidhiwa hapo Chula Vista, jirani na San Diego, akajaza FL-115 ile ile. Hahitaji mwanasheria wa kugonga muhuri, ila akisainia nje ya California lile tamko lazima litaje kwamba anaapa chini ya sheria za jimbo la California. Kwenye FL-115 maneno hayo yameshachapwa. Watu wakiandika tamko lao wenyewe kwenye karatasi nyeupe ndipo wanayasahau, na karani anarudisha.

Na mkeo akiwa hana ubishi, FL-117 inamtosha. Anasaini Morogoro, anarudisha.

---

#15 KaraniWaKisutu

Nimeona uzi umefika bongo, nami niongezee. Mimi nafanya kazi ofisi ya mawakili Dar.

Kwa kesi za huku kwetu, wanaopeleka wito kwa malipo ni wasambaza nyaraka wa mahakama, wanasimamiwa pamoja na madalali wa mahakama kwa kanuni za 2017, Tangazo la Serikali namba 363. Malipo yao yana jedwali ndani ya kanuni hizo, kwa hiyo mtu akikutajia bei ya kichwani mwambie aifungue kanuni mbele yako. Na vijijini bado hakuna anayemshinda mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji kwa kujua nani analala wapi.

Sasa karatasi za California hazimhusu msambaza nyaraka kama ofisa wa mahakama, maana hazikutoka mahakama ya Tanzania. Atakwenda kama mtu binafsi tu. Sisi ofisini tumeshafanya kazi za namna hiyo kwa ndugu wa diaspora. Bei ni maelewano: nauli ya kwenda na kurudi, posho ya siku, na muda wa wakili kuhakiki fomu. Haifiki hata robo ya hiyo 2,275. Mteja anatuma karatasi kwa baruapepe, tunazichapa, anakwenda karani na kitambulisho chake, anajitambulisha kwa mama mwenye nyumba kwanza, anaketi, ndipo anatoa bahasha. Huwezi kumtupia mtu karatasi miguuni pale Kihonda, Morogoro, ukaondoka salama 😅

Angalizo moja la uzito. Kama mna kiwanja au nyumba huku, hukumu ya California haiwezi kukikamata kiwanja peke yake. Utahitaji mahakama za huku, na hapo utaulizwa mwenzako aliitwa vipi. Kwa hiyo usibane sana, afadhali aliyepeleka awe mtu anayeweza kuapa kiapo na huku vilevile.

---

#16 Bwana_Harusi_Mstaafu

Mungu awabariki. @KaraniWaKisutu nimekuja inbox.

---

#17 Harlem_Mswahili

Kwa walioko New York: Jumapili HAKUNA. Sheria ya jimbo inakataza kupeleka karatasi za kesi siku ya Jumapili, ukipeleka ni batili. Na ndani ya jiji wapelekaji wana leseni ya jiji na wanalazimika kutunza rekodi za GPS za kila walipokwenda.

Sababu ni uchafu uliofanyika huku. Kampuni za madeni zilikuwa zinalipa wapelekaji hela ndogo sana kwa kila karatasi, jamaa wanazitupa na kuapa wamezifikisha, mdaiwa anakuja kujua akaunti ikiwa imeshafungwa. 2009 Andrew Cuomo, akiwa mwanasheria mkuu wa jimbo, alikwenda mahakamani kuomba hukumu zipatazo laki moja zifutwe. Mkisikia bei ya chini mno jiulizeni huyo mtu anafidia wapi mafuta ya gari.

---

#18 Mama_Zuu_SD

Jamani na hawa wanaopiga simu? Juzi nimepigiwa, mtu anasema yeye ni mpeleka nyaraka za mahakama, yuko njiani kuja kazini kwangu, lakini nikilipa dola 300 sasa hivi kwa kadi za zawadi atazirudisha. Nilitetemeka!

---

#19 MsambazaMstaafu

@Mama_Zuu_SD matapeli hao. Mpeleka nyaraka analipwa na aliyemtuma, hakuna siku anamdai anayepokea hata senti. Wala hakupigii kukutangazia anakuja kazini. Sisi tulikuwa tunaomba Mungu usijue kabisa. Ukiwa na wasiwasi, piga mahakama ya kaunti yako, uliza kwa jina lako kama kuna kesi.

---

#20 Kijiwe_Fresno

Swali: mtu akipotea kabisa? Hana anwani, kazi kaacha, ndugu wanasema hawajui.

---

#21 Mwanasheria_Uchwara

@Kijiwe_Fresno unamwomba jaji ruhusa ya kutangaza gazetini. Lakini kwanza umwonyeshe umetafuta kweli: ndugu, mwajiri wa mwisho, anwani ya mwisho, mitandao, hata orodha za magereza. Tangazo linatoka mara moja kwa wiki kwa wiki 4, na gazeti linaweza kukutoza mamia ya dola, kwa hiyo piga simu magazeti kadhaa kati ya yale jaji anayoyakubali. Aliyesamehewa ada anaweza kuruhusiwa karatasi zibandikwe mahakamani badala ya gazeti.

Kama anwani ipo ila hajitokezi, kuna njia ya katikati. Fundi akishakwenda mara kadhaa kwa nyakati tofauti bila mafanikio, anaweza kumwachia mtu mzima anayeishi humo, au msimamizi wa pale anapofanya kazi, akamweleza ni karatasi za nini, kisha nakala ikatumwa kwa posta. Inahesabiwa imekamilika siku ya 10 baada ya kuposti. Na hapa tena ule mwandiko wa kila safari ndio unaokuokoa, maana jaji anataka kuona juhudi.

Na mtu akiwa jimbo jingine, tuseme Texas au Ohio, California inakubali barua ya posta yenye kurudisha risiti iliyosainiwa. Dola chache tu. Watu wanalipa mafundi wa Houston bila sababu.

---

#22 NyotaYaBay

Wanajamvi nimerudi na majibu.

FL-117 ilitumwa na dada mmoja wa kikundi chetu, haikurudi. Ile ofisi ya 185 niliwapigia nikawauliza maswali ya Msambaza moja baada ya jingine. Kwenye swali la "asipopatikana nabaki na nini" dada wa simu alinyamaza, akasema atamuuliza bosi. Sikumsubiri.

Nilimpata mtu wa Stockton mwenyewe, amesajiliwa kaunti ya San Joaquin. Dola 95, safari tatu, fomu ndani ya bei. Nilimpa picha ya mume, namba ya gari, na nikamwambia zamu inatoka saa 12 asubuhi. Hakujisumbua hata na geti. Alimsubiri kwenye maegesho ya wafanyakazi Tracy, akamwita jina kamili, bwana akaitika, akapewa. Jioni nikatumiwa FL-115 imejazwa vizuri, imeandikwa mpaka saa na dakika. Nimeshaiwasilisha kwa karani.

Bwana alinipigia usiku huo huo. Mara ya kwanza tangu neno mahakama. Alitaka kujua nani kamwambia mtu yule namba ya gari lake.

Swali langu la mwisho: hiyo 95 naweza kumdai?

---

#23 Shangazi_Sacto

😂😂 namba ya gari! Hongera mwanangu. Sasa weka alama kwenye kalenda, ana siku 30 za kujibu tangu alipokabidhiwa. Zikipita kimya nenda kituo cha msaada uwaulize fomu FL-165, ya kuomba kesi iendelee bila majibu yake.

---

#24 Mwanasheria_Uchwara

@NyotaYaBay kwenye kesi za kawaida za madai aliyeshinda hurudishiwa gharama ya kufikisha nyaraka, ya sherifu au ya aliyesajiliwa. Kwenye talaka jaji ana uhuru mkubwa wa kugawa gharama. Kwako una hoja nzuri: alitumiwa FL-117 na hakuisaini. Tunza bahasha ya kumbukumbu, tarehe iliyotumwa na risiti ya 95.

---

#25 Mjomba_Daladala

Sasa na mimi nimeingia mchezoni. Mwenye nyumba wa zamani kagoma na amana yangu, dola 2,400, nampeleka mahakama ya madai madogo hapa Long Beach. Nako ni bei hizo hizo?

---

#26 MsambazaMstaafu

@Mjomba_Daladala afadhali kwako. Madai madogo karani mwenyewe anaweza kumtumia mdaiwa kwa barua ya rejista, dola 15 kwa kila mdaiwa. Tatizo lazima ASAINI yeye mwenyewe kupokea. Akisaini mkewe au mlinzi, jaji anaweza kuikataa, na utagundua hilo siku ya kesi. Kwa mwenye nyumba anayejua anadaiwa, mimi ningemlipa mtu.

Tazama tarehe kwenye wito wako. Akiwa kaunti hiyo hiyo lazima apate mkononi angalau siku 15 kabla ya kesi, akiwa kaunti nyingine siku 20. Fomu ya uthibitisho ni SC-104, iwe mahakamani siku 5 kabla. Na uangalie mwenye nyumba ni mtu au kampuni, kwa sababu kama ni kampuni kuna wakala wake wa kupokea karatasi, jina liko kwenye tovuti ya katibu wa jimbo, bure. Wakala hakimbii. Hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote, mtu asikutoze zaidi ya bei ya chini.

---

#27 Mjomba_Daladala

Ni kampuni. Natafuta jina sasa hivi.